Uchovu wa Baridi Yabisi Si Uvivu

Katika ziara za majumbani tunazofanya na wahudumu wa afya ya jamii hapa Kimandolu, wenye ugonjwa wa viungo hutueleza mambo mawili. La kwanza ni maumivu ya magoti, viwiko na vidole. La pili husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi tukiwa tumeshafika mlangoni tunaaga: nachoka. Siyo uchovu wa kutoka shamba. Mtu analala usiku mzima na kuamka nao, na ikifika saa nne asubuhi, akiwa amefagia uwanja na kumenya ndizi za mchana, hana tena nguvu ya kuinua sufuria.

Kamati kadhaa zimetuomba tulieleze jambo hili, kwani linagusa kazi za pamoja. Anayefika kwenye msaragambo Jumamosi moja na kukosa mbili zinazofuata, huku jirani amemwona Jumatano yuko sokoni Tengeru, huhesabiwa kuwa mjanja. Anatozwa faini, na wengine huacha kabisa kuja kwenye vikundi ili wasisemwe.

Tuanze na jina. Watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro husema "ugonjwa wa baridi", na jina hilo moja limebeba magonjwa mengi. Kuna kuchakaa kwa gegedu, ile nyama laini inayozuia mifupa isisagane; huwapata zaidi wazee na waliobeba mizigo mizito miaka mingi. Kuna jongo, ambalo hushika ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Na kuna baridi yabisi yenyewe, ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia utando wa ndani wa viungo. Hii huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na inaweza kuanza mtu akiwa bado kijana. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Baridi ya Juni na Julai yaweza kuongeza maumivu, lakini haileti ugonjwa, wala kufua kwa maji ya baridi hakuuleti.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tuna jambo jingine la kuangalia. Baadhi ya chemchemi na visima vyetu vina floridi nyingi, ndiyo maana meno ya kahawia ni ya kawaida huku. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa na kuuma, na watu huita hiyo nayo baridi. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Magadi ya kulainishia makande na maharage nayo huweza kuiongeza.

Uchovu unatoka wapi?

Aliyewahi kuugua malaria anajua jinsi mwili unavyolegea. Sehemu kubwa ya ulegevu ule hutokana na kemikali ambazo kinga ya mwili humwaga inapopigana. Kwa mwenye baridi yabisi vita hiyo haina siku ya kwisha, kwa hiyo anaishi kama mtu mwenye homa isiyoonekana kwenye kipimajoto. Juu ya hapo maumivu humkatiza usingizi, misuli isiyotumika hupungua nguvu, na hofu ya kesho (ada, chakula, mume atasema nini) nayo huchosha.

Kisha kuna upungufu wa damu. Ugonjwa wenyewe hupunguza damu, na vidonge vya maumivu huongeza tatizo. Diklofenaki inayonunuliwa dukani kila wiki bila kuandikiwa inaweza kutoboa vidonda tumboni, damu ikavuja kidogo kidogo bila mtu kujua, na figo zikaumia. Tunaona hili ni jambo la kusemwa waziwazi kwenye jumuiya, maana watu wanaazimana dawa hizi kama chumvi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima, siyo kuvumilia. Kipimo cha wingi wa damu hufanyika kwenye vituo vya karibu. Anayehitaji zaidi hupewa rufaa kwenda Mount Meru, au KCMC Moshi, ingawa madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache mno. Uvimbe ukitulizwa kwa dawa sahihi, uchovu nao mara nyingi hupungua. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, siyo kila siku. Kukosea hapo kunaweza kuua, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu asiiache ghafla.

Dawa hazimalizi uchovu wote. Mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2023 yanaweka mbele mazoezi ya mwili na mafunzo ya kuishi na ugonjwa. Wengi hushangaa: aliyechoka afanye mazoezi? Ndiyo, kwa kipimo. Kutembea dakika kumi kila siku kunamsaidia kuliko kulala siku tatu, kisha kulima siku moja hadi jua lizame. Hilo la pili ndilo kosa kubwa. Siku mwili ukiwa mwepesi mtu hufua, hupalilia na kukata majani ya ng'ombe kwa pamoja ili afidie, kisha hulala siku mbili. Afadhali afue nguo chache, akae, na majani ayakate mwingine.

Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa 333 wa hospitali saba. Baadhi walikutana kwa vikundi mara saba, wakiongozwa na wauguzi na watabibu wa kazi, wakajifunza kupanga shughuli, kupumzika kabla ya kuishiwa, na kukataa kazi bila kuona haya. Walipofuatiliwa kwa miaka miwili, uchovu uliwasumbua pungufu kuliko wenzao waliopewa kijitabu tu. Hayakuhitajika majengo wala mashine, na vikundi tunavyo tayari.

Kwa kamati, ombi letu ni kwamba anayeugua apangiwe zamu ya kuandika mahudhurio, kupika chai ya wajenzi au kutunza funguo za stoo, na ihesabiwe sawa na zamu ya koleo. Kwa wafadhili wanaouliza kinachohitajika, ni vitu vidogo: nauli ya kliniki ya Moshi, kigoda kirefu cha jikoni asiyeweza kuchuchumaa aketi, na ndoo za lita 10 badala ya zile za 20.