Ukiipima Starehe, Inapungua

Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni, kinachohesabu hatua za mtu anapotembea. Michezo ya Olimpiki ilikuwa imefanyika Tokyo mwaka uliotangulia, na hamu ya mazoezi ilikuwa bado moto. Kifaa kile kiliitwa manpo-kei, kwa maana ya kipima hatua elfu kumi. Namba hiyo haikutoka maabara wala hospitali. Ilikuwa ya duara, inatamkika vizuri, na iliuza. Leo imo ndani ya simu na saa za mkononi dunia nzima, na wapo watu Dar es Salaam na Nairobi wanaozunguka sebuleni saa tano za usiku, wakipishana na viti, ili mradi itimie kabla ya kulala.

Kwa upande wa afya jibu lilichelewa kuja. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 16,741, wastani wa umri wao miaka 72. Waliokuwa wakitembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika kipindi cha utafiti kuliko wale wa hatua 2,700. Faida ikaendelea kupanda hadi kama 7,500, kisha ikatulia. Elfu kumi, kwa mabibi wale, haikuongeza kitu.

Mimi si daktari wa moyo, na matembezi ni mema. Kinachonivuta ni jambo lingine. Mtu aliyekuwa akitoka jioni kupunga upepo, akisimama kuzungumza na muuza mahindi ya kuchoma, akishapata kipimo mkononi hasimami tena. Anatembea zaidi, lakini ukimwuliza jioni ilikuwaje, anakusomea namba.

Jambo hili limefanyiwa majaribio. Mwaka 2016 mtafiti Jordan Etkin, wa Chuo Kikuu cha Duke, alichapisha matokeo ya mfululizo wa majaribio kuhusu mambo ambayo watu huyafanya kwa kupenda: kupaka rangi michoro, kutembea, kusoma. Baadhi ya washiriki waliwekewa hesabu ya walichofanya, wengine wakaachwa hivihivi. Waliohesabiwa walifanya zaidi. Lakini walifurahia kidogo, na hesabu ilipoondolewa, hamu yao ya kuendelea ilikuwa imeshuka. Hakuna aliyewalazimisha wala kuwaahidi chochote. Ilitosha kuona namba, na kile walichokuwa wakikifanya kwa raha kikaanza kunukia kazi.

Wanasaikolojia walikuwa wameshaonja ladha ya jambo hili zamani kidogo. Katika utafiti uliotoka mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake wawili walikwenda kwenye shule ya chekechea iliyoko Chuo Kikuu cha Stanford, wakachagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliambiwa mapema kwamba likichora litapewa cheti chenye utepe. Kundi la pili lilipewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani, bila ahadi yoyote, na watafiti wakaangalia nani atazifuata. Watoto wa kundi la kwanza walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Cheti cha kushtukiza hakikuwa na madhara. Kilichoharibu ni kuchora kwa ajili ya cheti.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani nasema malengo ni adui wa starehe. Hapana. Nenda ukasimame pembeni ya watu wanaocheza bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane, na kete 64, kwa kawaida komwe. Kila mchezaji ana safu mbili. Wanaanza na kete kumi kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi kwa kila mmoja. Hatua ya kwanza ni kunamua: kila zamu unaingiza kete moja, na ikidondoka penye kete zako huku shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, unamla. Kete ulizomla unazisambaza upande wako, moja moja kuanzia kichwani. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari inaendelea, na ukikuta cha kula mbele yake unakula tena. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ikiangukia kwenye nyumba yako ambayo haijavunjwa, una hiari ya kusimama au kuisafirisha, na hapo ndipo watazamaji wanapopaza sauti, kila mtu akiwa bingwa kwa kete za mwenzake. Za mkononi zikiisha ndipo mtaji unapoanza, na mchezo unakuwa mgumu kweli. Anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele amefungwa.

Majirani zetu wana michezo ya ukoo huohuo, omweso kwa Waganda na igisoro kwa Wanyarwanda, nayo ni ya mashimo 32. Ila sheria za bao zina mafundo mengi zaidi, kiasi kwamba Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima, iliyotoka mwaka 1995, kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar na kiasi ambacho akili ya binadamu inaweza kukokotoa. Bingwa anaona kichwani zamu moja itapitia wapi na kuishia shimo gani kabla hajagusa kete, mizunguko kadhaa mbele, huku watu wakimzomea sikioni.

Sasa tazama muundo wake kwa jicho la saikolojia. Lengo lipo, tena halina shaka: mmalize mwenzako safu ya mbele. Jibu linakuja papo hapo, maana ukikosea kuhesabu unalala mbele ya hadhara. Na ugumu unapangika. Mtoto hapewi bao kubwa siku ya kwanza. Anaanzia kwenye bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete mbili na hakuna kunamua. Akikomaa anapanda, na kwa kuwa kijiweni huwa kuna wachezaji wa viwango vyote, hakosi mpinzani anayemzidi kidogo.

Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyefariki mwaka 2021, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza watu wanaozama katika wanachofanya hadi wakasahau saa. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1975 aliandika kuhusu wakwea miamba, wacheza dansi, wachezaji wa sataranji na madaktari wa upasuaji. Masharti aliyoyakuta kwao ni hayohayo niliyoyataja: lengo wazi, jibu la haraka, na ugumu unaolingana na uwezo. Ukizidi, mtu anaingiwa na wasiwasi. Ukipungua, anachoka. Sijui kama aliwahi kukaa kijiweni Pemba, lakini wacheza bao wa huko wangemwelewa haraka.

Utafiti wake ninaoupenda zaidi ni ule wa mwaka 1989, alioufanya na Judith LeFevre kwa wafanyakazi wa eneo la Chicago. Kila mmoja alibeba kifaa kilicholia mara kadhaa kwa siku, kwa wiki moja, na kikilia anajaza fomu: unafanya nini, unajisikiaje, jambo hili ni gumu kiasi gani, na wewe unaliweza kiasi gani. Hali ile ya ugumu kulingana na uwezo ilionekana katika majibu yapatayo asilimia 54 ya saa za kazi. Katika saa za mapumziko ilikuwa asilimia 18. Watu wakiwa kazini walikuwa makini zaidi, hai zaidi, na hata hivyo walitamani wangekuwa mahali pengine. Wakirudi nyumbani walikaa mbele ya televisheni, wakapooza, na hawakutaka kuondoka.

Matokeo haya yanawaudhi wengi, nami naona yanatufaa. Yanaonyesha kwamba kulala kwenye kochi na kusogeza video kwa kidole ni mapumziko ya mwili, yana nafasi yake hasa kwa aliyesimama kutwa dukani au aliyeshinda shambani, lakini tusiyategemee yatupe raha ya kina. Raha hiyo inadai jitihada kidogo. Kushona, kupiga udi, kuotesha mchicha kwenye makopo, kuvua kwa ndoano, kujifunza kaswida mpya, kusuka ukili: vyote vina lengo ndani yake na vyote vinakujibu palepale.

Kwa hiyo yapo malengo ya namna mbili, na utata wote wa starehe uko hapo. Lengo la ndani ya mchezo, la kumla mwenzako kete au kufunga fundo lisifumuke, ndilo linaloutia mchezo uhai. Lengo linalotoka nje, liwe cheti, namba kwenye saa, sifa za mtandaoni au fedha, linaweza kuongeza kiasi unachofanya huku likikupunguzia utamu. Hili la pili siku hizi linauzwa kwa bei nzuri.

Mfano wake mchungu ni mpira. Vibanda umiza vyetu vilikuwa mahali pa kupiga kelele tu, Simba na Yanga, au Arsenal na Manchester United, na aliyefungwa anataniwa wiki nzima. Leo kijana anaingia na mkeka wa kubashiri wenye mechi kumi na mbili. Haangalii tena chenga, anaangalia dakika. Timu yake ikishinda mabao matatu naye alibashiri mawili, ananuna, na mkeka ukichanika anaondoka kabla ya kipenga. Nisifiche msimamo wangu: kati ya mambo yote yaliyopora starehe za vijana wetu, kamari hii ndiyo kubwa, na hasara ya fedha ni nusu tu ya madhara.

Raha ndogo zisizo na mchezo wowote ndani yake, kama kahawa ya jioni, zinahitaji uangalizi wa namna nyingine. Adui yake ni mazoea. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn walieleza jaribio ambalo watu walionjeshwa chokoleti, kisha baadhi wakaombwa waiache kabisa kwa wiki moja, wengine wakapewa nyingi wale watakavyo. Waliporudi kuonja tena, walioiacha ndio walioifurahia zaidi. Kwa waliofunga Ramadhani hili si habari mpya. Tende ya magharibi haifanani na tende ya saa nne asubuhi. Nadhani hata kikombe cha kahawa chungu kinasaidia kwa udogo wake. Kinaisha upesi, unasubiri muuzaji azunguke, kashata inakatwa, maneno yanapita katikati, na kila funda linakuja likiwa na upya wake.

Hata ratiba ina mkono wake. Gabriela Tonietto na Selin Malkoc walionyesha mwaka 2016 kwamba miadi ya starehe ikipangiwa saa kamili, watu huanza kuiona kama wajibu na huifurahia kidogo. Ikipangwa kwa kukadiria, utamu haupungui. Tunapoambizana "tuonane baada ya alasiri", wenye haraka hutucheka. Kwa mkutano wa ofisini wana haki. Kwa kahawa, ushahidi uko upande wetu.

Je, malengo na hesabu tuvitupe? Aliyeambiwa na daktari atembee kwa sababu ya sukari au shinikizo la damu, ahesabu hatua zake bila haya, kwani kwake ile ni dawa na dawa ina kipimo. Vivyo hivyo akiba ya ada, au kujifunza lugha kwa ajili ya mtihani. Hapo saikolojia ina msaada wa wazi. Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio, kwa mfano "nikishamwacha mtoto shuleni, natembea hadi sokoni kwa miguu", hutimizwa zaidi kuliko nia ya jumla ya "nitafanya mazoezi". Na wanaokata tamaa kila Februari wajue kwamba Phillippa Lally na wenzake jijini London walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya: makadirio ya muda wa tabia kuzoeleka yalianzia siku 18 hadi 254, katikati yake 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Ninachoomba ni tusivichanganye. Kabla hujapakua programu ya kuhesabu kurasa za riwaya unazosoma au samaki unaovua, jiulize ni nani anayeihitaji hesabu hiyo. Kama hakuna, iache. Na kama kuna bao limelala uvunguni nyumbani kwenu, litoe, lifute vumbi, hakikisha komwe zinafika 64, umwite jirani anayekuzidi kidogo. Atakayewafunga wengine ajisifu hadi jioni, kisha asiandike popote.