Jioni kwenye ziwa pa Baraka: ile saa wanyama wanabadilisha zamu

Jua likianza kupungua makali, marafiki wengi pa Baraka wanapenda kuchanga pesa ya mafuta, kubeba karanga na kutoka na mtumbwi kidogo kwenye Ghuba ya Burton. Mbele yao iko rasi ya Ubwari, nyuma yao jua linazama kwenye milima. Ghuba hii ina jina la Richard Burton, Mwingereza aliyefika kwenye ziwa Tanganyika mwaka 1858. Yeye alidhani Ubwari ni kisiwa.

Matembezi haya ni mazuri. Lakini ile saa watu wanaingia ziwani kupumzika ndiyo saa wanyama wengine wanaanza kazi.

Kwanza ni ndege. Mnandi, ule ndege mweusi anayezamia samaki, anarudi kulala. Furukombe, tai mwenye kichwa cheupe, bado anaweza kuonekana juu ya mti akichungulia maji.

Kisha kiboko. Mchana anakaa majini juu ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia, anapanda nchi kavu kula majani, na kwa usiku mmoja anaweza kumaliza karibu kilo 40. Anapenda fasi zenye maji kidogo na majani karibu, kama kwenye milango ya mito. Kiboko haelei kama watu wanavyofikiri: anatembea chini, kwenye udongo, na anaweza kukaa chini ya maji dakika 5 hivi. Basi, kama alikuwa mbele na sasa haonekani, haina maana ameenda. Anaweza kutokea chini ya mtumbwi.

Mamba naye anawinda zaidi usiku. Ukimulika na tochi, macho yake yanawaka mekundu, kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga. Ndiyo unaomsaidia kuona gizani.

Chini kabisa nako kuna safari. Vijidudu vidogo vya majini vinapanda juu usiku, ndakala wanavifuata, na mikebuka wanafuata ndakala. Juu ya hiyo wavuvi wanatoka na taa wakati mwezi hauangazi.

Sasa, mtu afanye nini ili aone na arudi salama?

Muulize kwanza mvuvi wa fasi hiyo viboko wako wapi wiki hiyo, na uulize bandarini kama usalama uko sawa. Kila mtu avae jile, hata anayejua kuogelea. Ukiona viboko, zima kelele na ukae mbali. Usipite kamwe kati ya kiboko na maji marefu, wala kati ya mama na mtoto wake: akiona njia yake ya kukimbilia imefungwa, anashambulia. Usitie mkono majini kwenye matete. Ukikutana na nyoka wa maji, mwache apite. Ana sumu, lakini anatafuta samaki, hatafuti watu.

Na upepo usisahauliwe. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unaweza kuinua mawimbi makubwa. Ukiona maji yanaanza kuwa meupe kule mbali, geuzeni mtumbwi mapema, hata kama kiboko hajaonekana bado. Kesho jioni atatoka tena.