Kabla ya kuongeza fedha za pampu Mafia

Mradi wa maji ukifika nusu, mara nyingi mkandarasi huleta barua ya kuomba nyongeza ya fedha: mwamba ni mgumu kuliko ilivyodhaniwa, bei zimepanda, pampu iliyomo kwenye michoro haitoshi. Mhandisi msimamizi huyapima madai, kisha bodi ya zabuni huyajadili kabla mkataba haujaguswa. Wajumbe huuliza ni kiasi gani, na kama bajeti inabeba. Kwa Mafia kuna swali linalopaswa kutangulia: nyongeza hiyo itayafanya nini maji yaliyo chini ya ardhi?

Maji baridi ya kisiwa hicho cha matumbawe na mchanga ni mvua iliyopenya ardhini ikaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Yameelea kama jahazi lililoshiba shehena, sehemu kubwa ikiwa imezama. Kanuni ya Badon Ghijben na Herzberg, yenye zaidi ya miaka 100, inaeleza kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Ukikishusha kiwango cha maji hayo baridi kwa nusu mita tu na kukiacha hapo, maji chumvi yanaweza hatimaye kupanda mita 20. Pampu kubwa kwenye kisima kimoja, ikiendeshwa saa nyingi, huyavuta hayo ya chini, na kisima kikishaingia chumvi hakiponi upesi. Wakazi wa kisiwa kidogo cha Jibondo, ambao kwa miaka mingi walivusha maji kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Mahitaji ni ya kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 wilayani Mafia; ya 2022, zaidi ya 66,000. Lakini maji zaidi si lazima yatoke kwenye pampu kubwa zaidi. Visima kadhaa vilivyoachana, kila kimoja na pampu ndogo, huchota kiasi kilekile bila kukisumbua sana kiwango cha maji. Ombi la fedha za majaribio ya kisima, yanayopima chumvi kadiri maji yanavyovutwa, ningelipigania. Ombi la pampu kubwa kwa kisima kilekile ningelirudisha, hata likiwa dogo.

Bomba nalo litazamwe kwa makini. Kuinua lita 1,000 za maji kwa mita 50, pampu na mota vikitumia vema nusu tu ya umeme, hula kama uniti 0.27. Hapo msuguano haujahesabiwa. Ukipeleka maji kiasi kilekile kwa bomba la milimita 100 badala ya 150, msuguano huongezeka zaidi ya mara saba. Kwa hiyo anayekataa nyongeza ya bomba pana ili kuokoa fedha za ujenzi anaweza kuwa anaihamishia gharama jumuiya ya watumia maji, iilipe kila mwezi kwenye ankara ya umeme. Na chuma cha kawaida kwenye maji yenye chumvichumvi huoza mapema. Tofauti ya bei ya chuma kisichoshika kutu ni nyongeza halali.

Usafirishaji ni habari nyingine. Kila aliyeomba kazi alijua kwamba saruji na mitambo vitavuka bahari kutoka Nyamisati au Dar es Salaam, na kwamba bahari huchafuka. Gharama hiyo ilipaswa kuwamo kwenye bei ya zabuni. Ikirudi baadaye kwa jina la dharura, bodi ina haki ya kuikataa.

Kilichobaki ni karatasi moja ambayo ningetaka iambatane na kila ombi: gharama ya kuendesha kituo kwa kila lita 1,000, kabla na baada ya nyongeza, pamoja na kipimo cha chumvi cha kila kisima. Nakala yake ikae pia kwa viongozi wa jumuiya, maana mkandarasi akishaondoka ndio watakaoulizwa kwa nini maji yamebadilika ladha.