Unauza sola Gusii? Muulize mteja stima ataifanyia nini

Kila kijana anayeota biashara ya sola atakuambia jua ni la bure. Sawa, lakini paneli si za bure. Betri, nyaya, nguzo na mita pia ni pesa, na zote unazinunua kabla mteja wa kwanza hajawasha taa. Hapo ndipo roho hudunda.

Kama unataka kuona uzito wa kamari hiyo, tazama Kisii na Nyamira. Powerhive, kampuni yenye asili ya California, Marekani, iliyoanzishwa na Christopher Hornor na wenzake, iliamua kupeleka stima ya sola katika vijiji vya huku. Haikukurupuka. Ilianza na vijiji vichache tu, kikiwemo Mokomoni. Paneli zinawekwa mahali pamoja, nyaya zinasambazwa hadi kwa nyumba, na mteja analipia kwa simu kidogo kidogo kabla ya kutumia.

Mwaka wa 2015 ikapewa leseni na kuwa kampuni ya kwanza ya kibinafsi kuruhusiwa kuuzia umma stima nchini Kenya. Mwaka huo huo, Enel Green Power ya Italia ikatangaza kuungana nayo katika mpango wa dola milioni 12 wa kufikia vijiji 100 vya Kisii na Nyamira.

Sasa sikia hii. Ni 2015 hiyo hiyo ambapo serikali ilipunguza ada ya kuunganishiwa stima kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Yaani unazika mamilioni kijijini, na mshindani wako ni serikali yenyewe!

Lakini kuna swali gumu kuliko hilo. Mtu wa balbu mbili na chaji ya simu hatumii stima nyingi, hata akikupenda vipi. Asipoongeza kipato, nawe huongezi. Ndiyo maana Powerhive ikaingilia ufugaji kupitia mradi wake wa Kuku Poa, ili wateja wafuge kuku na wapate hela. Kampuni ya stima kuuza habari za vifaranga? Ndiyo. Ilibidi kwanza mfuko wa mteja unone.

Hapa ndipo msimamo wako unapopimwa. Tuseme uko Keroka, una mtaji kidogo, na mama mmoja anataka taa tu. Unaweza kumbebesha mtambo mkubwa kwa mkopo, upate faida ya haraka. Unaweza pia kumwambia, "Mama, huu mdogo unakutosha." Kinyozi naye akija, umweleze ukweli kuhusu mvua ya alasiri ya Gusii: siku ya mawingu paneli huzalisha kidogo, kwa hivyo betri lazima ipimwe kwa siku hizo, si kwa siku za jua kali.

Ukidanganya, habari itafika sokoni kabla yako. Ukisema ukweli, leo utauza kidogo, lakini kinyozi huyo atakuletea fundi cherehani wa jirani.

Kwa hivyo tafuta leseni ya EPRA, anza na wateja wachache unaoweza kuwarudia kwa miguu, na usiweke pesa ambazo zikipotea nyumbani watalala njaa. Kuthubutu ni lazima. Ila usithubutu kwa pesa za mama wa balbu mbili.