Mafua yasiyokwisha: tuioshe pua kabla ya kukimbilia vidonge

Leo katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia ugonjwa ambao watu hawauogopi, kwa kuwa kila mmoja hudhani ni mafua tu. Mgonjwa huamka pua imeziba, uso mzito, makamasi ya njano au ya kijani, na usiku kikohozi hakimpi usingizi. Hupata nafuu juma moja au mawili, kisha hali ile ile hurudi. Kila inaporudi hununua vidonge dukani. Mwaka unakwisha, fedha zimekwisha, na pua bado imeziba.

Tangu mwanzo tunapenda kusema hivi: wengi wa wagonjwa wa namna hii hawahitaji dawa iliyo kali zaidi. Wanahitaji pua inayooshwa kila siku, hewa isiyo na moshi, na subira ya majuma kadhaa.

SAINASI NI KITU GANI?

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vidogo vya hewa, jozi nne: mashavuni, kwenye paji la uso, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Hivyo ndivyo viitwavyo sainasi. Ndani yake mna utando mwororo unaotoa ute, na juu ya utando huo kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kusukuma ute, vumbi na vijidudu hadi kwenye kitundu kinachofungukia puani. Kitundu hicho kikivimba na kuziba, ute hutuama kama maji ya dimbwi, na vijidudu hustawi humo.

Kwa kawaida mambo huanza na mafua ya virusi, ambayo huisha yenyewe kwa muda wa siku 10 hivi. Dalili zikidumu majuma 12 au zaidi bila kuisha, ugonjwa huo ni sugu. Mtu akiugua mara 4 au zaidi kwa mwaka, akipona kabisa katikati, basi ugonjwa wake ni wa kujirudia.

Wengi huita maumivu haya kipanda uso. Yafaa kutofautisha. Kipanda uso chenyewe mara nyingi hugonga upande mmoja wa kichwa, huleta kichefuchefu na kuchukia mwanga, wala hakiji na makamasi mazito. Dawa zake ni nyingine. Tena, kwetu kuna malaria. Mwenye homa na kichwa kuuma apimwe kwanza. Asimeze dawa ya mseto kwa kubahatisha, kwa maana si kila kichwa kinachouma ni malaria.

KWA NINI KILOSA NA MIKUMI?

Wilayani Kilosa pua ina maadui wengi karibu mwaka mzima. Wakati wa kiangazi kuna vumbi la barabara za vijijini, moto wa nyasi, na kule upande wa Kidodi na Ruaha, moshi wa mashamba ya miwa yanapochomwa kabla ya kuvunwa. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa, ambapo malori hupita usiku na mchana. Masika yakija, nyumba hupata unyevu na kuta huota ukungu. Waliokumbwa na mafuriko ya mto Mkondoa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 wanajua jinsi unyevu unavyokaa ndani ya nyumba muda mrefu baada ya maji kuondoka.

Kazi nazo zina sehemu yake. Kimamba na Rudewa ni nchi ya katani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wafanyakazi wa katani hapa Tanzania ulionyesha kwamba wale wa chumba cha brashi, mahali penye vumbi jingi la nyuzi, walisumbuliwa mno na kikohozi na kupiga chafya. Wachoma mkaa nao hukaa katika moshi siku nyingi. Lakini moshi unaowapata watu wengi kuliko wote ni ule wa jikoni, hasa akina mama na watoto wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika.

Sababu nyingine zimo mwilini. Jino la juu lililooza laweza kupenyeza usaha hadi kwenye sainasi ya shavu. Mzio, pumu na vinyama vya puani huziba njia. Na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua huugua mara kwa mara. Ndiyo maana mhudumu wa afya anaweza kumshauri mgonjwa apime virusi vya UKIMWI. Ushauri huo asiuchukie, kwani ni kwa faida yake.

MAMBO MATATU YA KUEPUKA

La kwanza ni kununua viuavijasumu, yaani antibayotiki, kila pua inapoziba. Dawa hizi haziui virusi vya mafua. Zina kazi pale tu vijidudu vya bakteria vinaposhambulia: dalili zimepita siku 10 bila dalili ya kupona, au mgonjwa alianza kupona kisha akazidiwa, au ana homa kali na maumivu ya uso tangu mwanzo. Hilo aliamue mganga baada ya kumwona mgonjwa. Vidonge vinne leo na vitano mwezi ujao huvifundisha vijidudu kuizoea dawa. Siku mtoto akipata nimonia, dawa ile ile haitamsaidia.

La pili ni matone ya kuzibua pua. Yanafungua pua kwa dakika chache na mtu anafurahi. Yakitumika zaidi ya siku 5 hadi 7, utando huvimba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, na mgonjwa huwa mtumwa wa chupa.

La tatu ni baya kuliko yote, nalo ni kumkata mtoto kimeo. Mtoto anakohoa kila usiku, wazazi wanaambiwa kimeo chake kimerefuka, wanampeleka kwa mkataji. Mara nyingi kinachomkohoza ni makamasi yanayoteremka kooni kutoka nyuma ya pua anapolala chali. Kimeo hakina kosa lolote. Wembe usio safi waweza kumletea damu isiyokoma, pepopunda au maambukizi mengine, na wako watoto waliopoteza maisha kwa njia hii. Baba na mama, mtoto akikohoa majuma mawili au zaidi, mpelekeni zahanati apimwe, pamoja na kifua kikuu.

NAMNA YA KUOSHA PUA

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 800 wenye tatizo la sainasi la muda mrefu au la kujirudia. Walioosha pua kwa maji ya chumvi walipata nafuu, ingawa si ya miujiza. Wale waliojifukiza tu walipungukiwa na maumivu ya kichwa, lakini ugonjwa wenyewe haukubadilika. Wengi wetu tumezoea kujifukiza kwa majani ya mwarobaini au mkaratusi. Mtu mzima anayeona raha kwa mvuke hatumkatazi, ila watoto wasiinamishwe juu ya sufuria ya maji ya moto, maana wengi wameungua.

Tufuate hatua hizi:

1. Chemsha maji yatokote vizuri kwa dakika 3, yafunike, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Usitumie kamwe maji mabichi ya mto, kisima au bomba kuoshea pua, hata kama yanaonekana maangavu. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki mwaka 2011 baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Mdudu mdogo aliyekuwemo alipanda hadi kwenye ubongo.

2. Katika nusu lita ya maji hayo tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi safi, kilichosawazishwa juu. Koroga. Maji matupu bila chumvi huwasha pua.

3. Nawa mikono. Tumia bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, jipya na safi, au chupa laini ya kubinya. Kila mtu awe na chake.

4. Inama juu ya beseni, kichwa kiegemee upande mmoja, pumua kwa mdomo. Mimina maji polepole katika tundu la juu. Yatatokea tundu la chini au mdomoni. Yateme. Geuka, fanya upande wa pili.

5. Penga taratibu, tundu moja kwa wakati mmoja. Kupenga kwa nguvu husukuma uchafu masikioni.

6. Osha chombo kwa maji yaliyochemshwa na ukianike kikauke.

Fanya hivyo asubuhi na jioni. Siku za kwanza pua huwasha kidogo. Sikio likiuma, acha kwanza. Kwa watoto wadogo, pata maelekezo ya mhudumu wa afya. Usikate tamaa baada ya siku tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mganga anaweza pia kuongeza dawa ya kupulizia puani ya jamii ya steroidi, ambayo hupunguza uvimbe. Hii ni tofauti na matone tuliyoyataja. Hufanya kazi polepole, kwa majuma kadhaa, na hupuliziwa baada ya kuosha pua, ikielekezwa upande wa sikio wala si kwenye ukuta wa katikati.

Nyumbani, tupikie mahali penye dirisha au nje, kuni ziwe kavu, na watoto wakae mbali na moshi. Tumwagie maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Afanyaye kazi penye vumbi afunike pua na mdomo. Mvuta sigara asivute ndani ya nyumba.

USINGOJE KESHO

Yako mambo yasiyosubiri kuoshwa pua: jicho kuvimba, kutokeza au kuona viwili viwili, paji la uso kuvimba, kichwa kuuma kupita kiasi pamoja na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au degedege. Hapo usaha huenda umeelekea jichoni au kwenye ubongo. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe ni Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Mtakatifu Kizito, Mikumi.

Hali kadhalika, tundu moja tu likitoa makamasi yenye harufu mbaya, aonwe na mganga. Kwa mtoto, mara nyingi ni punje ya mahindi, harage au shanga aliyojitia. Kwa mtu mzima huenda ni jino, au uvimbe unaohitaji kuchunguzwa mapema.

Aliyeosha pua kwa uaminifu majuma 8 hadi 12 na kutumia dawa aliyopewa bila nafuu, aombe rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Akipewa rufaa hadi Muhimbili, achukue pamoja naye karatasi za dawa zote alizokwisha kutumia. Baadhi yao husaidiwa kwa upasuaji wa kufungua vitundu vilivyoziba. Hata hao, wakirudi nyumbani, huambiwa waendelee kuosha pua.

Tunawaomba wasomaji wetu mlizungumze jambo hili katika jumuiya ndogo ndogo, hasa habari ya kimeo. Mwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kijiko cha chumvi anaweza kuanza jioni hii.