Kiyoyozi Kilichozimwa Hakiibi Nguvu

Swali ni lile lile, liwe limekuja na Subaru kutoka Mbita au Corolla kutoka Isebania: "Fundi, nikiing'oa hii AC, gari litaongeza farasi wangapi?" Mwenye gari keshaamua. Spana ameshanunua, na pengine bomba moja keshalifungua. Kwangu anatafuta namba tu ya kuwaringia wenzake kabla hawajaenda Limuru au Nakuru kushindana na saa. Migori hatuna uwanja wa mbio za magari, Homa Bay vilevile, lakini vijana wenye magari ya zamani wanaotaka kuyapunguzia mzigo tunao wengi, na wote wamesikia hadithi moja.

Jibu langu ni hili. Ikiwa unaendesha gari kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kukiondoa hakukupi nguvu yoyote utakayoihisi. Najua hulipendi. Fungua boneti tuangalie pamoja.

Washa injini, AC ikiwa imezimwa, kisha mulika tochi mbele ya kompresa. Mikono na kamba za koti viwe mbali na mkanda. Utaona puli inazunguka kwa kasi. Sasa tazama katikati ya hiyo puli: pana sahani ndogo ya chuma, mara nyingi ina nati moja katikati, na haitikisiki hata kidogo. Kati ya sahani na puli kuna nafasi isiyofika milimita moja. Mwambie mtu aliye ndani abonyeze kitufe. Utasikia "tak", sumaku inaivuta sahani, nafasi inazibika, na vyote vinazunguka kwa pamoja. Hiyo ndiyo klachi ya kompresa. Mhimili na pistoni viko nyuma ya ile sahani, kwa hiyo sahani ikisimama, na vyenyewe vimesimama. Kazi ya injini hapo ni kuzungusha puli iliyokaa juu ya beringi, basi. Altaneta yako inaidai injini nguvu nyingi kuliko hiyo beringi, na sijamwona mtu akija kung'oa altaneta.

Hapo ndipo ninapoletewa ushahidi wa jirani: "Jamaa yangu wa Rongo alitoa, gari likawa jepesi kabisa." Sawa, tumchunguze jamaa. Siku ile ile alibadilisha plagi, akaweka kichungi kipya cha hewa, akakaza mkanda uliokuwa ukiteleza, akamwaga oili iliyokuwa nyeusi kama lami. Kisha sifa zote zikaiendea AC. Wa pili alikuwa na kompresa ambayo klachi yake imeshikana, haiachii hata ukizima kitufe. Huyo kweli alikuwa akiburuta mzigo, ila ugonjwa wake ulikuwa klachi, nayo hutengenezwa. Wa tatu alikuwa akiendesha AC ikiwaka saa zote. Kompresa inayofanya kazi hula takriban farasi watatu hadi watano, zaidi kukiwa na joto kali, na ukiwa na injini ya 1300 unapanda kutoka Rongo kuelekea Kisii utahisi kabisa. Dawa yake ipo kwenye dashibodi, ni kitufe, na ulishailipia uliponunua gari. Tena magari mengi yenye injini ya sindano huikata kompresa yenyewe kwa muda unapokanyaga mafuta hadi chini. Waliolichora gari walishafikiria jambo hili kabla yako.

"Lakini magari ya mashindano hayana AC." Ni kweli. Yale yanayokuja Naivasha kila mwaka tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 hayana kiyoyozi, na madereva huiva humo ndani. Timu hizo zimeshatoa viti, mazulia, redio na kila kilichotoka, zikafika mahali pa kuhesabu gramu. Wewe gurudumu la akiba bado liko kwenye buti, jeki iko chini yake, na kiti cha nyuma kina spika mbili za kutikisa mji. Mfumo mzima wa kiyoyozi, yaani kompresa, mabomba na ile rejeta ndogo ya mbele, kwa magari madogo huwa kilo 15 hadi 20 hivi. Ni kama mtungi mmoja wa maji wa lita 20. Anza na vilivyo kwenye buti, ambavyo havihitaji fundi.

Haki itendeke: uzito wa kiyoyozi uko puani mwa gari, mbali na katikati, na kuuondoa husaidia kidogo gari kuingia kona. Rejeta ndogo nayo hukaa mbele ya rejeta ya injini na kuizuilia upepo, kwa hiyo ikitoka, injini inayokimbizwa kwa muda mrefu itapoa vizuri zaidi. Hizo ni sababu mbili halali. Sijawahi kumsikia mteja akizitaja.

Na ukitaka mwizi halisi wa nguvu zako, inua macho. Ziwa Victoria liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Injini yenye farasi 100 Mombasa imeshapoteza wapatao 11 ikiwa imeegeshwa tu ufukweni Homa Bay. Ipeleke Limuru, juu ya mita 2,000, hesabu inazidi 20. Hiyo ndiyo sababu mwenye turbo anakupita mlimani.

Sasa gesi, na hapa napandisha sauti. Usilifungue bomba, wala usilikate kwa msumeno nyuma ya nyumba. Magari mengi ya tangu katikati ya miaka ya 1990 yana gesi ya R134a, na kilo moja yake hewani hupasha joto dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Kuipunguza gesi ya jamii hii ndiko yalikokubaliana mataifa pale Kigali 2016, hapa hapa jirani. Gari la zamani zaidi huenda lina R12, inayotoboa tabaka la ozoni, na hiyo imepigwa vita tangu Mkataba wa Montreal wa 1987. Kama dunia haikuumi, basi ngozi yako: R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikikurukia jichoni inagandisha. Fundi mwenye mashine huivuta gesi ikaingia kwenye mtungi. Na aliyekushauri ujaze gesi ya kupikia baada ya hapo amekushauri uweke moto puani mwa gari na kwenye mabomba yanayoingia mlipo ninyi abiria. Usirudi kwake.

Bado unataka kutoa? Haya, haraka haraka. Ukiwa na Subaru ya injini ya EJ, mkanda wa AC uko peke yake: utoe, acha kila kitu mahali pake, endesha mwezi mzima. Usipohisi tofauti, umeokoa pesa na gesi bado imo. Ukiwa na Probox au Vitz ya 1NZ, mkanda ni mmoja na ndio unaozungusha pampu ya maji na altaneta, kwa hiyo ukitoa kompresa unahitaji mkanda mfupi wa urefu sahihi, wala si kufunga ule wa zamani na kuomba Mungu. Ukikatika, injini inachemka. Gesi ikishavutwa na vitu kutoka, ziba midomo ya mabomba yanayobaki kabla ya kutoka gereji, maana unyevu ukiingia hutarudisha kiyoyozi kwa bei ndogo. Feni ya AC usiiondoe, magari mengi huitumia kusaidia rejeta. Nyaya usizikate, zifunge na uziandike majina. Na kumbuka mvua za Machi hadi Mei: AC ndiyo hukausha ukungu wa kioo cha mbele. Bila hiyo utaendesha na tambara mkononi.

Na ukidhani gari kuukuu haliwezi kushinda, mkumbuke Joginder Singh: mzaliwa huyo wa Kericho aliyeanza kama fundi alishinda Safari ya 1965 na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokuwa imeshatumika. Gari lilikuwa kuukuu, ila lilikuwa limetengenezwa.

Nawe litengeneze lako: pesa ya kung'oa kiyoyozi inunulie tairi nzuri, breki padi mpya na mafuta mapya ya breki. Ukimaliza hayo na bado una sababu moja kati ya zile mbili halali, njoo, tena njoo na gesi ikiwa ndani.