Utabiri wa Drafti ya NBA: Nani Ataitwa, Nani Atacheza

Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, katika Madison Square Garden jijini New York, kamishna wa NBA David Stern alisogea kwenye kipaza sauti na kutamka jina la kijana wa Dar es Salaam. Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa futi saba na inchi tatu, alichukuliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya vijana wote walioitwa usiku ule. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake. Watabiri hawakushtuka, kwani wengi wao walikwisha kumweka ndani ya tano bora. Nafasi ya tatu ikaenda kwa James Harden, na ya saba kwa kijana mwembamba anayeitwa Stephen Curry.

Curry amekuja kufunga mitupo ya pointi tatu mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi hiyo. Harden alitawazwa Mchezaji Bora wa msimu mwaka 2018. Thabeet alicheza misimu mitano kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo, kisha njia yake ya NBA ikafika mwisho. Je, waliotabiri drafti ile walipatia au walikosea? Walipatia. Kazi yao ilikuwa kusema timu itamwita nani, na timu ikamwita huyo huyo. Kusema nani atakuwa mchezaji ni kazi nyingine kabisa, na mzigo huo ulikuwa wa Memphis. Mashabiki huyachanganya mambo haya mawili kila mwaka, ndiyo maana lawama humwangukia kijana ambaye hakujichagua mwenyewe.

Drafti ni utaratibu wa kugawana vipaji vipya. Kila mwaka timu 30 huchagua kwa zamu, raundi mbili, majina yapatayo 60, na timu dhaifu hutangulia ili nayo ipate kunyanyuka. Kijana huingia akifikisha miaka 19 mwaka huo, na akiwa Mmarekani lazima awe amemaliza sekondari angalau mwaka mmoja kabla. Hachagui timu hii wala ile. Akishaitwa, ni yao.

Lakini kabla ya majina kuna mashine, na mashine hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Siku ya kupanga zamu, mwezi Mei, wawakilishi wa timu 14 zilizoshindwa kufuzu hatua ya mtoano hufungiwa chumbani na simu zao huchukuliwa, matokeo yasije yakavuja kabla ya kutangazwa kwenye televisheni. Mbele yao kuna chombo cha bahati nasibu chenye mipira 14 ya ping-pong, yenye namba 1 hadi 14. Mipira huchanganywa kwa sekunde 20, kisha mmoja hutoka. Baada ya sekunde 10 hutoka wa pili, halafu wa tatu, halafu wa nne. Anayetoa ishara ya kuutoa kila mpira huipa mashine mgongo, asije akadhaniwa anavizia namba fulani.

Mpangilio wa namba hizo nne hauna maana: 3, 7, 9, 12 ni sawa na 12, 3, 9, 7. Ukihesabu makundi yote ya namba nne yanayoweza kupatikana katika mipira 14, utafikia 1,001. Kundi moja, la 11, 12, 13 na 14, halina mwenyewe. Likitokea, mchezo hurudiwa. Makundi 1,000 yaliyobaki hugawiwa timu mapema, kila moja ikijua yake. Kwa kanuni zilizoanza mwaka 2019, timu tatu za mkiani zilipewa makundi 140 kila moja, yaani asilimia 14, na iliyokosa mtoano kwa nywele ikapewa 5 tu. Mashine huamua nafasi nne za juu. Nafasi zinazofuata hupangwa kwa msimamo wa ligi, iliyofungwa zaidi ikitangulia.

Ligi haikufika hapa kwa siku moja. Hadi mwaka 1984 nafasi ya kwanza iliamuliwa kwa kurusha sarafu kati ya timu mbili zilizoburuta mkia, kila moja katika kanda yake. Mwaka huo Houston Rockets ilishinda sarafu ikamchukua Hakeem Olajuwon wa Nigeria, Portland ikamchukua Sam Bowie, na Chicago Bulls, iliyokuwa ya tatu, ikabaki na Michael Jordan. Mwaka uliofuata zikatumika bahasha. Mipira ya ping-pong ikaingia mwaka 1990, timu mbovu zikipewa nafasi nyingi zaidi. Kisha mwaka 1993 Orlando Magic, yenye nafasi moja tu kati ya 66, ikaibuka ya kwanza, na malalamiko yakawa makubwa hata ligi ikaunda mfumo wa makundi 1,000 tulioueleza.

Bado mashine haimwogopi mtu. Mei 2025 Dallas Mavericks ilikuwa na asilimia 1.8 tu za kupata nafasi ya kwanza, miezi michache baada ya kumwachia nyota wake Luka Dončić aende Los Angeles Lakers. Ikapata. Utah Jazz, iliyomaliza msimu ikiwa ya mwisho kabisa, ikashuka hadi ya tano. Ndiyo sababu utabiri wowote wa kabla ya siku hiyo ni orodha ya majina yasiyo na makwao. Baada ya mipira kutoka, mtabiri huanza kazi ya kweli, kwa kuwa sasa anashughulika na watu, na watu huacha nyayo.

Nyayo za kwanza huonekana Chicago, mwezi huo wa Mei, vijana wanapokusanywa kupimwa. Hupimwa urefu bila viatu, urefu wa mikono ikinyooshwa kushoto na kulia, kimo cha mkono ukiinuliwa, mruko na wepesi wa miguu. Baada ya hapo timu huwaita kwa mazoezi ya faragha. Mtabiri mzuri hufuatilia nani ameitwa wapi, nani amerudi mara ya pili, na zaidi ya yote nani amefuta safari zake ghafla. Kijana akiacha mazoezi yote yaliyosalia, mara nyingi kuna timu iliyomwahidi wakala wake kwamba ikifika zamu yake na kijana yupo, itamchukua. Dalili nyingine ni mwaliko wa kuketi na familia ukumbini usiku wa drafti. Ligi huwaalika vijana wachache tu, baada ya kuwasikiliza viongozi wa timu, kwa sababu haipendi kuona kijana amekaa na mama yake hadi usiku wa manane bila kuitwa. Aliyealikwa, mara nyingi ataitwa mapema.

Hata hivyo timu hujua kwamba zinatazamwa, nazo huficha. Mwaka 2022 karibu kila orodha ilimpa Jabari Smith nafasi ya kwanza, iliyokuwa ya Orlando. Saa za mwisho viwango vya kamari vikaanza kugeuka, kisha Orlando ikamwita Paolo Banchero, ambaye wengi walimweka wa tatu. Msimu uliofuata Banchero akawa mchezaji mpya bora wa ligi. Timu ilikuwa imefunga mdomo, basi. Mwaka 2013 Cleveland ilipomtanguliza Anthony Bennett, mshangao ulikuwa mkubwa vilevile, lakini Bennett hakudumu. Mshangao wa usiku ule, kumbe, haukuambii chochote kuhusu miaka itakayofuata.

Hapo tunafika kwenye swali zito la nani atacheza. Maskauti wa zamani walitegemea macho. Tangu miaka ya 2000 timu zimeongeza wanatakwimu, nao wamegundua mambo yasiyoonekana kwa macho. Umri ni mojawapo. Pointi 18 za kijana wa miaka 19 ni habari njema kuliko pointi 18 za mwenye miaka 22, kwa sababu wa kwanza bado ana miaka mitatu ya kukua kabla ya kumfikia mwenzake. Jambo la pili ni mitupo huru. Msimu wa chuo kikuu nchini Marekani huwa na michezo thelathini na ushei, na mchezaji anaweza kupatia mitupo ya pointi tatu kwa bahati tu katika muda mfupi kama huo. Mtupo huru hauna beki wala haraka; unaonyesha mkono wenyewe. Wachambuzi wengi humwamini anayefunga mitupo huru kwa asilimia kubwa kuliko aliyechachamaa kwa mwezi mmoja kutoka mbali. La tatu ni mipira ya kunyang'anya, inayoonyesha wepesi wa kusoma mchezo.

Daryl Morey, alipokuwa Houston Rockets, alikuwa miongoni mwa walioitegemea mno hesabu ya namna hiyo. Mwaka 2007 hesabu yake ilimpenda Mhispania Marc Gasol, lakini maskauti waliona picha ya mwili wake mnene wakampachika jina la dhihaka, na timu ikamwacha. Gasol aliitwa wa 48, akaishia Memphis, na mwaka 2013 akawa mlinzi bora wa ligi. Morey akapiga marufuku majina ya utani kwa vijana wanaochunguzwa. Naipenda hatua hiyo, kwa sababu inakiri kwamba jicho la mtaalamu nalo huzibwa na kicheko. Mwaka huohuo wa 2007 Kevin Durant, aliyekuja kuwa nyota wa ligi, alishindwa kuinua hata mara moja chuma cha ratili 185 kwenye vipimo. Badala yake Portland ikamtanguliza Greg Oden, ambaye magoti yalimruhusu kucheza michezo 105 tu ya NBA. Na Nikola Jokić wa Serbia, Mchezaji Bora mara tatu, aliitwa wa 41 mwaka 2014 wakati televisheni ikionyesha tangazo la biashara.

Sasa mrudie Thabeet. Alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama kumi na mitano. Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia mitupo 4.2 kwa mchezo katika msimu wake wa mwisho na mara mbili akawa mlinzi bora wa ligi yake. Usiku wa drafti alikuwa na miaka 22. Harden alikuwa na 19. Memphis iliyomchukua tayari ilikuwa na Gasol, anayecheza nafasi ileile ya kati, na Thabeet alipohitaji dakika za kujifunza, hakuzipata za kutosha. Februari 2010 alipelekwa kucheza ligi ya chini, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa halijawahi kumpata mtu wa nafasi ya juu kama yake. Mwaka 2011 akauzwa Houston. Siamini kwamba alishindwa yeye peke yake. Alinunuliwa kwa kile kilichopimika upesi, yaani kimo, na akahukumiwa kwa yale ambayo hakuna aliyekuwa ameyapima.

Ukiwatazama wengine wa ukanda wetu utaona mkondo uleule. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alikuwa hajulikani sana hadi Aprili 2011, alipocheza mchezo mmoja wa vijana wa dunia huko Portland akapata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Miezi miwili baadaye aliitwa wa saba, naye amedumu NBA zaidi ya miaka kumi. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda na kuichezea City Oilers ya Kampala katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, aliitwa wa kumi mwaka 2025 baada ya mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Duke. Ana zaidi ya futi saba. Jonathan Kuminga wa Goma, aliyeitwa wa saba mwaka 2021, si mtu wa futi saba, lakini alihamia Marekani akiwa mvulana na michezo yake ikaanza kuandikwa huko.

Wako wapi basi walinzi wetu wafupi wenye akili ya mchezo? Wapo, kwenye viwanja vya saruji vya Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura na Bukavu. Skauti mgeni akija hawaoni, kwa sababu kimo huonekana kwa mtazamo mmoja, ilhali usomaji wa mchezo huonekana kwenye takwimu za misimu miwili mitatu, na takwimu hizo hazipo. Msichana au mvulana hucheza miaka minne ya sekondari bila mtu kuandika alirusha mitupo huru mingapi na akafunga mingapi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa michezo, makocha wa mitaa na vyama vya mikoa: nunueni daftari. Andikeni tarehe ya kuzaliwa ya kila kijana kwa uaminifu, dakika alizocheza, mitupo aliyorusha na aliyofunga, mipira aliyonyang'anya na aliyopoteza, kila mchezo, hata wa kirafiki. Kazi hiyo inahitaji mtu mmoja benchi, kalamu, na kiongozi atakayelitunza daftari msimu ukiisha.